Nduru ya Kilimani

Nilizaliwa upande wa Migori, karibu na machimbo ya dhahabu ya Osiri, katika nyumba ambayo zebaki ilikaa kabatini pamoja na chumvi. Ilikuwa kwenye kichupa cha mafuta ya kujipaka, nzito kuliko ukubwa wake, na sisi watoto tuliruhusiwa kuimimina kiganjani na kuitazama ikikimbiakimbia. Mama aliichanganya na vumbi la dhahabu kwa mikono mitupu, akaichoma kwenye jiko lile lile la uji, na moshi ukiisha akatupikia. Leo mikono yake inatetemeka akishika kikombe. Ukimuuliza kama aliwahi kuweka kitu kibaya nyumbani, anakujibu hakuna, ila ile dawa ya dhahabu tu.

Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini sina subira na neno "hakuna". Nimeolewa Homa Bay, kwenye ufuo mmoja wa wavuvi, na kazi yangu ni mhudumu wa afya wa jamii, wale mnaowaona wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaharisha na nani hajapeleka mtoto chanjo. Mama mkwe wangu, ambaye mwenyewe alitoka bonde la Lambwe akaolewa hapa, huniita nyar Migori, binti wa Migori, na ananiita hivyo kwa namna mbili: moja nikiwa nimempendeza, nyingine nikiwa nimemuudhi. Baada ya miaka yote hii naijua tofauti hata akiwa nje ya ua.

Siku moja afisa wa afya ya umma alituita ofisini kwa chifu. Sisi humwita daktari, ingawa sijawahi kumwona akimdunga mtu sindano. Alisema sasa kila mahali penye kemikali kali lazima pajulikane: ni kemikali gani, iko wapi, inawekwaje, na ikimwagika watu wafanye nini. Anayeiweka aseme, ili jirani yake asije akaijua kwa pua. Nililipenda sana jambo lile. Nilitoka pale nikitembea haraka kama mtu aliyetumwa na mbingu.

Basi nikaanza kuuliza, na ufuo mzima ukaanza kunijibu "hakuna". Hakuna, halafu chini ya kitanda nakuta dawa ya kupe kwenye chupa ya soda, imenunuliwa mnadani Lambwe na kifuniko chake ni karatasi iliyosokotwa. Hakuna, halafu dawa ya kunyunyizia nyanya imelala kando ya godoro la mtoto. Mama mmoja nilimwonyesha asidi ya betri iliyokuwa jikoni kwake, akaniambia hiyo si kemikali, hiyo ni ya baba. Nilipaza sauti siku ile, nakiri, na yeye akanipikia chai ili nitulie.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa mbele ya macho yetu, nalo ni kiwanda cha barafu. Kiko pale pale boti zinapotia nanga. Boti zinazotoka kisiwani Remba na samaki wa mbuta hupita hapo kuchukua barafu, na kina mama wa samaki hununua ya kwao kwa ndoo. Kwa watu wote barafu ni maji na stima, basi. Nani aogope maji? Mimi nilikuwa najua zaidi kidogo kwa sababu fundi wa mitambo ile ni mume wangu, na ukimfulia mtu shati utajua anashinda wapi. Shati lake lilikuwa na harufu ya choo cha stendi, hata baada ya sabuni.

Jioni ile nilimuuliza kuna nini kwenye yale mabomba. Akasema amonia. Ni gesi, inazunguka humo ndani na kuondoa joto kwenye maji.

"Na ikitoka?"

"Haitoki."

"Baba watoto, nimeuliza ikitoka."

Aliweka tonge chini. "Ikitoka nyingi, macho yanajifunga yenyewe na kifua kinakataa hewa. Ukiwa mbele ya upepo, usikimbie na upepo, maana itakufuata. Toka kando. Na leso iwe na maji." Kisha akanitazama. "Sasa utaenda kuandika, na kesho nitaulizwa nani amesema."

Niliogopa kidogo kwa ajili ya kazi yake, lakini nilienda. Meneja wa kiwanda alikuwa mzee mpole, mgeni kwetu, na nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakuna vita iliyotokea. Alinizungusha, akanionyesha tangi, mabomba na valvu, akanieleza kila kitu polepole kama mtu anayemwonyesha mgeni picha za wanawe. "Mama, tangu nije hapa hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Na mimi nikitangaza bila kuulizwa, watu wataogopa hata barafu." Nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo. Alijaza fomu yote, bila kuficha, nami nikaipeleka kwa daktari.

Kujua ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni watu watafanya nini, na hapo ndipo tulipochekesha dunia. Tuliunda kamati ndogo: daktari, meneja, mwenyekiti wa ufuo, mama mmoja wa samaki na mimi. Mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo gesi ikitoka mchana itapita moja kwa moja juu ya vibanda vya samaki na nyumba zilizo nyuma. Watu watoke kando, wapande kilima kilicho kushoto, kule kwa mama mkwe wangu, wakae huko. Rahisi kabisa. Ishara? Daktari akasema ishara iwe kelele, yeyote atakayeisikia harufu apige nduru. Na sisi wote, watu wa hapa hapa, tukatikisa vichwa kukubali.

Siku ya mazoezi yule mama wa samaki alisimama kando ya kiwanda akapiga nduru. Aliipiga vizuri, ile ya kupanda na kukatika. Na ufuo mzima ukakimbia, kama ulivyolelewa kukimbia, moja kwa moja kuelekea kiwanda.

Sasa mgeni anaweza kutucheka, lakini kwetu nduru haina maana mbili. Ni mwizi, ni moto, mtu amezama, mtu amekufa. Ukiisikia unaacha sufuria motoni unakwenda. Asiyekwenda ataulizwa alikuwa wapi, na swali hilo litamfuata hata kwenye matanga yake mwenyewe. Walikuja wenye bodaboda na marungu. Walikuja wanaokausha omena na mikono yao ya dagaa. Yule mama wa samaki akazungukwa na watu waliokuja kumwokoa, wamesimama pale ambapo, kama ingekuwa kweli, wote wangekufa. Daktari alibaki ameshika kofia. Na mbele ya wote, akiwa ametoka kilimani, mbali kuliko yeyote, alikuwa mama mkwe wangu na jembe begani.

Ndivyo alivyo. Kuna nyumba pale ufuoni ambazo bado zimesimama kwa sababu yeye alifika na ndoo kabla ya wenyewe. Mwanamke mrefu, mifupa mikubwa, sauti inayovuka maji. Alipoambiwa hakuna aliyekufa, kwamba lilikuwa zoezi, aliteremsha jembe polepole.

"Nani amekufa?" aliuliza tena, kana kwamba hakusikia.

"Hakuna, Mama. Tulikuwa tunajaribu."

"Nduru inajaribiwa?" Akanitazama mimi, si daktari. "Nyar Migori, ukiita kifo mahali hakipo, kitakuja kuangalia nani alikiita."

Alipanda kilima chake bila kuniaga. Niliumia, na nilikasirika, na nilijua ana haki, yote kwa pamoja.

Tukakaa tena kutafuta sauti nyingine. Filimbi? Filimbi ya ufuo huita watu kwenye mizani ya samaki. Kengele ya kanisa huita watu kanisani. Ngoma huita watu, tena wanakuja wakicheza. Daktari akataja kipaza sauti, mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu kipaza sauti kwetu ni mwanasiasa, na mwanasiasa maana yake kuna kitu kinagawanywa. Tulizipitia sauti zetu zote mpaka tukachoka. Kila moja ilikuwa ya kuita. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kutengeneza sauti ya kuwaambia watu wasije. Daktari aliona huo ni upungufu. Mimi jambo hilo lilinigusa, nikawapenda watu wangu zaidi, ingawa lilikuwa linakwenda kutuua.

Aliyelimaliza ni mume wangu, tena kwa mzaha, akiwa anatoa mwiba kwenye samaki. "Kama lazima watu wakimbilie nduru," alisema, "basi nendeni mkaipige kilimani kwa mama. Watawafuata huko."

Nilimtazama mpaka akaacha kutafuna.

Ilikuwa kweli. Anayeisikia gesi asipige kelele pale. Kelele ipigwe kilimani, na watu waende inakotoka, kama siku zote. Na kule kilimani sauti ya kuufikia ufuo wote ilikuwa moja tu. Mume wangu alielewa kwa wakati mmoja na mimi, na sikupenda jinsi uso wake ulivyobadilika.

Nilipanda peke yangu kwenda kumwomba. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa chini nikamsaidia kwanza, maana huwezi kumfikia mama mkwe na ombi kama hilo ukiwa umesimama. Nilimweleza amonia ni nini, upepo ni upi, kwa nini watu waje kwake. Nikamwambia atanunuliwa simu ndogo, ya kazi hiyo tu. Mwanawe atampigia kutoka kiwandani, atasema maneno mawili: Mama, lia. Naye atasimama juu ya lile jiwe kubwa mbele ya boma na kupiga nduru mpaka watu wote wafike.

Alipukuchua hindi zima, akalitupa gunzi.

"Unataka nimlilie mtoto wangu akiwa hai," alisema mwishoni.

"Si yeye, Mama. Ni ishara tu."

"Nyar Migori, nduru haina tumbo la ishara. Ikitoka, inatoka kwa mtu." Akachukua hindi lingine. "Na nikae hapa kilimani nikilia, na yeye yuko kule ndani?"

"Ukishuka, wote watashuka nyuma yako."

Alilielewa hilo. Niliona limeingia, na niliona lilivyomuuma. Mimi mwenyewe nilikuwa nazungumza juu ya mume wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine, kwa sababu ningezungumza juu yake kama wangu nisingemaliza.

"Siku ikifika, nitalia," alisema. "Kabla ya siku hiyo, hapana. Mazoezi, hapana. Mwambie daktari wako mimi sichezi na hiyo kitu."

"Na utakaa, Mama? Ukijua yuko ndani?"

"Hilo usiniulize."

Daktari hakufurahi. Alitaka mazoezi, ndivyo walivyofundishwa. Nilimwambia kama anayataka apande akamwombe mwenyewe, na akaona afadhali abaki na nilichomletea. Kwa hiyo mpango wetu ulibaki na tundu katikati. Meneja alitupatia ndoo na mitungi ya maji, tukaipanga bomani kwa mama mkwe kwa ajili ya kuosha macho. Kina mama wakafundishwa kulowesha leso. Kila kitu kilijaribiwa isipokuwa kile chenyewe. Na kila nilipomwona mama mkwe akishuka mbio kwenye nduru ya watu wengine, jembe au ndoo mkononi, nilijisemea huyu hatakaa. Huyu siku ikifika atashuka, na ufuo wote utashuka naye.

Siku ilifika mchana wa kawaida. Nilikuwa chini ya kibanda, nabishana na wanawake wa omena juu ya kuchemsha maji ya kunywa, wao wananiambia ziwa lile lile limewalea, mimi nawaambia ziwa lile lile ndilo lililowaharisha juzi. Tulikuwa tunacheka. Kisha nduru ikatoka kilimani.

Sijawahi kuisikia hivyo. Haikuwa kelele ya kuitia mwizi. Ilikuwa kilio cha msiba, kile cha mama mwenye maiti ndani ya nyumba. Vichwa vyote viliinuka. Wanawake wakatupa nyavu, wakasema kwa nyar Lambwe kuna jambo, na wakaanza kukimbia, wakipanda kando, mbali na kiwanda. Ndipo nikanusa. Ile harufu ya shati lake, lakini ikiuma. Juu ya paa la kiwanda kulikuwa na wingu jeupe, zito, linaanza kuinamia vibanda.

Miguu yangu ilielekea kiwandani. Nasema miguu, kwa sababu mimi sikuiamuru. Kilichonigeuza si mpango wala ushujaa. Ni bibi mmoja mkaanga samaki, mguu wake mbovu, aliyenishika gauni na kuniuliza, "Nyathina, na mimi?" Mtu akikuita mtoto wangu namna hiyo huwezi kumwacha. Nikamloweshea leso kwenye ndoo ya samaki, nikamfunga puani, nikampa bega, tukapanda. Nilikuwa nalia njia yote, na yeye akadhani ni gesi.

Tulipofika katikati ya kilima nilianza kusikia maneno. Mama mkwe hakuwa anapiga nduru tupu. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, mikono kichwani, anamlilia mwanawe kwa majina ya sifa, yale yanayosemwa kwa mtu mara moja tu, akiwa hasikii. Fahali wa nyar Lambwe. Mwenye kugandisha ziwa. Niliyekufunga mgongoni nikalala njaa ili ushibe, unaniacha na nani. Watu waliofika walimzunguka wakiwa wameanza nao kulia, wakimuuliza lini, vipi, na yeye hakumjibu mtu. Macho yake yalikuwa kwenye lile paa. Miguu yake ilikuwa juu ya jiwe.

Nilijua mpango. Mpango ni wangu. Na bado niliposikia yale majina nilijua mume wangu amekufa, nikakaa chini kwenye majani na bibi wa watu begani mwangu. Sikuwa na neno hata moja la afya ya jamii.

Walikuja mwishoni kabisa, kwa njia ya ziwani, wanaume wachache wa kiwanda na meneja katikati yao wakimshika mkono. Mume wangu alikuwa nyuma. Alikuwa amelowa mwili mzima, macho mekundu kama ya mtu mgonjwa, anakohoa kila hatua. Alikuwa amebaki kufunga valvu, akatokea majini. Watu walimwona wakanyamaza mmoja mmoja. Mama yake hakunyamaza. Aliendelea kumlilia, anamtazama anavyopanda na anamlilia, mpaka aliposimama mbele ya lile jiwe.

"Umefunga?" alimuuliza. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibaki hewa.

"Nimefunga, Mama."

"Wote wamepanda?"

Mwenyekiti wa ufuo ndiye aliyejibu kwamba wote.

Hapo ndipo alipokubali kushuka. Tulimteremsha watu wawili. Akachukua mtungi, akamlaza mwanawe kichwa mapajani, mtu mzima mwenye ndevu, akamwagia maji machoni polepole, kama alivyofundishwa, na zaidi ya alivyofundishwa. Sisi wengine tukawamwagia wengine. Watu walikuwa wanacheka na kulia bila mpangilio.

"Nimeshakulilia," alimwambia alipomaliza. "Sina tena. Zamu iliyobaki ni yako."

Kuna waliomlaumu baadaye. Walisema mama gani anamlilia mtoto aliye hai, kwamba amejiletea mkosi. Mimi niligombana na wawili hadharani na ningegombana na wa tatu, lakini mama mkwe alinizuia. Alisema wanachosema ni kweli, ndiyo maana alikataa mazoezi. Alisema nduru isiyo na mtu ndani yake ingewafikisha watu nusu ya kilima, wangegeuka. Ilibidi aipe mtu, na hakuwa na mwingine wa kuipa. Aliniita nyar Migori aliposema hivyo, kwa ile namna nzuri.

Kiwanda kilitengenezwa, na daktari huja kila mara kukagua. Amewaleta hata wageni waone kilima chetu, akawaeleza juu ya upepo na maji ya macho, na akifika kwenye jiwe hukohoa kidogo na kuniachia niseme. Mume wangu amerudi kwenye mabomba yake. Kifua bado kinamsumbua wakati wa baridi.

Ile simu ndogo mama mkwe bado anayo, imefungwa kwenye pindo la leso. Mume wangu humpigia karibu kila siku, kumsalimia tu, na amejizoeza kuanza na maneno yale yale kabla mama yake hajavuta pumzi: Mama, ni salamu tu. Lakini nimekuwa naye simu ikiita, tukiwa tumekaa tunachambua mboga. Huweka mboga chini, huinuka kwa shida, hutembea mpaka kwenye jiwe. Akishasimama juu yake ndipo anaipokea.